Kelele Chumba cha Jirani: Mwanaume Uanzie Wapi

Nyumba tuliyopanga Igoma, hapa Mwanza, ilikuwa na vyumba vinane: vinne huku, vinne kule, korido katikati, bomba na choo uani. Kuta za tofali moja, tena hazikufika kwenye bati. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha nne anakuombea afya. Kwa hiyo mwaka 2014, jirani wa chumba cha tatu alipokuwa anampiga mkewe, hakuna mpangaji anayeweza kuapa kwamba hakusikia. Mimi nilisikia, nikaongeza sauti ya redio. Chumba cha pili nao wakaongeza. Wa chumba cha tano akafungulia muziki kabisa. Mpita njia wa usiku ule angedhani tuna sherehe.

Asubuhi yule mama alipelekwa hospitali, taya limevunjika. Alipotoka alikwenda kwao Sengerema, enzi zile bado watu wanavuka kwa pantoni kati ya Kigongo na Busisi, na hakurudi tena. Sisi wanaume wa korido tukaendelea kusalimiana na mumewe bombani. "Za asubuhi, baba?" "Nzuri tu."

Mimi ni kinyozi, nimeanza kazi 2006. Kwenye kiti changu wanakaa madereva wa bajaji, walimu, vijana wa chuo, wavuvi waliotoka mwaloni, hata wachungaji wa kanisa. Tangu usiku ule wa redio nimekuwa najifunza mwanaume wa kawaida, asiye polisi wala mwanaharakati, anaweza kufanya nini, na sehemu kubwa nimejifunza kwa kukosea kwanza. Namwandikia mwenzangu wa namna hiyo. Vyumba, miaka na kazi za watu nimevichezesha kidogo ili mtu asimtambue jirani yake.

Anza na mlango wako

Nimempiga mke wangu kofi mara mbili katika ndoa yetu. Nalitaja hili mapema kwa sababu ukienda kumsema mwenzio huku lako umelifunika, siku moja yeye ndiye atakayelifunua mbele za watu.

La kwanza lilikuwa 2009. Kisa ni shilingi elfu kumi na tano za kodi ya saluni, mke wangu alimtumia mdogo wake aliyelazwa. La pili hata kisa chake sikikumbuki, na hilo ndilo linalonitisha. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea. Alimwita mke wangu pembeni, akamwambia, "Vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo." Mimi nilikuwa upande wa pili wa dirisha. Nikajiona nimepewa baraka.

Miaka kadhaa baadaye, katika zile Siku 16 za kupinga ukatili, zinazoanza 25 Novemba hadi 10 Desemba, askari mmoja wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto alikuja kuzungumza mtaani kwetu. Alisema utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga, kutowajali watoto, au kumnyima unyumba. Wanawake 58 katika kila 100 walikubali walau sababu moja. Wanaume walikuwa 40. Tukaguna. Mzee mmoja akasema afande amegeuza namba. Hakuzigeuza. Kijana nyuma yangu akapiga makofi, "Si mnaona, wenyewe wanataka!" Mimi nilikuwa namfikiria mama. Yale maneno ya dirishani hakuyatunga yeye. Naye aliambiwa na mtu, siku fulani, akiwa ameshika shavu.

Sasa la kufanya. Siku mmetulia, watoto wamelala, muulize mkeo: "Kuna kitu nikikifanya unaogopa?" Halafu nyamaza. Usijitetee, usiseme "mbona na wewe". Wangu hakujibu siku ile. Kesho yake jioni, anachambua mchele, akasema, "Unavyofunga mlango." Nilikuwa sijui. Nikirudi na hasira zangu za kazini naubamiza, na watoto wanaacha kula. Kumbe miaka yote hiyo watu wa nyumbani kwangu walikuwa wanasikiliza mlango kwanza ndipo wajue leo ameingia baba wa namna gani.

Hasira hazikuisha. Nilichobadilisha ni pa kuzipeleka. Nasema, "Natoka uani, narudi," naenda bombani, nanawa miguu polepole mpaka maji yanaanza kuniudhi. Hilo neno "narudi" usilisahau. Ukitoka kimya ukaenda kulala kwa rafiki, umemwadhibu kwa njia nyingine. Na hela zake za kikoba ni zake. Kumnyang'anya hela, kumkagua simu kila saa, kumkataza kwenda kwao kusalimia: wanaume tunaviita utaratibu wa nyumba, lakini katika kila nyumba niliyoifahamu iliyoishia hospitali, hivi ndivyo vilivyotangulia.

Usiku, kelele zimeanza

Hapa ndipo wengi wanaponiuliza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usiende peke yako. Mwanaume mmoja akienda kumtetea mke wa mtu saa sita usiku, kesho hadithi haitakuwa kipigo tena, itakuwa wewe na yule mwanamke mna nini. Hiyo ndiyo njia nyepesi ya mume kuigeuza kesi, na atakayeilipia ni mkewe. Amsha mwanaume mwingine mmoja, na mama mtu mzima, yule ambaye korido nzima inamwita bibi. Mimi naenda na mke wangu pia.

Kisha tafuta kisingizio. Usiku huo hutoi hukumu, unataka mkono ushuke. Kwa nyumba za kupanga, kisingizio bora kuliko vyote ni luku, umeme wa kulipia kabla, kwa sababu mita ni moja, tunachangia wote, na kila mtu anajua huwa inaanza kulia usiku. Mwaka 2019 dereva mmoja wa bajaji, chumba cha sita, alikuwa anamburuza mkewe, tunasikia vyombo vinaanguka. Nikagonga kama mtu mwenye shida yake mwenyewe.

"Hodi humu! Baba, luku inalia, tutalala giza. Njoo uniingizie tokeni, miwani sina."

Kimya. Nikagonga tena, mara hii kwa kiganja. Akafungua nusu mlango, jasho linamtiririka.

"Mzee, si uingize kesho?"

"Kesho friji ya bibi itakuwa imeyeyuka. Dakika mbili tu."

Akatoka. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, atoke. Mita iko barazani. Nikamsomea tarakimu ishirini za tokeni ya mwezi uliopita iliyokuwa bado kwenye simu yangu. Mita ikaikataa. Nikamwambia labda nimesoma vibaya, turudie. Ikakataa. Ya tatu ikakataa, tukaanza kuilaumu kampuni ya umeme, tukaja kwa mwenye nyumba, tukaenda mpaka kwenye mpira. Huku nyuma bibi na mke wangu walikuwa wameshaingia chumba cha sita. Usiku ule yule mama na watoto wake wawili walilala kwetu, mimi nikaenda kulala saluni kwenye viti vya wateja.

Kuna makosa nimewahi kuyafanya mlangoni pale, wewe yaruke. Usichungulie juu ya bega la mume ukauliza, "Shemeji, uko salama?" Atakujibu yuko salama. Ulitaka ajibu nini na mume amesimama katikati yenu? Usiende na fimbo. Usimguse mwanaume mwenzio, hata kumshika bega. Usitishie polisi kama huna nia ya kuwaita, kwa sababu akishajua ni maneno tu, mara ijayo hafungui. Watoto ukiwapata wape uji, wawashie televisheni, na usiwaulize chochote.

Na ukiona panga, kisu, petroli, au ukisikia sauti ya mama iliyokuwa inalia imekatika ghafla, luku iache. Piga kelele korido yote iamke, piga 112, mtu akimbie kwa mwenyekiti wa mtaa. Wewe baki nje ya mlango. Namba ya kituo cha polisi cha karibu na ya mwenyekiti ziwe kwenye simu yako leo, maana saa saba usiku mikono ikitetemeka hutazitafuta. Anayepigwa akiwa mtoto, kuna namba 116, kupiga ni bure.

Utakutana na mwanaume atakayekuzuia mlangoni kwa methali: wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Mwambie methali yenyewe inasema *ndugu* wakigombana. Ugomvi una pande mbili. Mmoja akiwa chini amejikunyata na mwingine amesimama juu yake, kapu la nini hapo?

Kesho yake, mwenye mkono

Watu wengi huishia kumhurumia mama, wakampa pole na nauli. Mume haambiwi kitu. Anaamka, anapiga mswaki, anasalimiwa "baba". Ukimya wetu anausoma kama ruhusa, na hajakosea kuusoma hivyo.

Mngoje awe hana pombe. Mkute peke yake. Ukimsema mbele ya watu, aibu hiyo ataibeba mpaka nyumbani na kuishushia pale pale unapopajua. La muhimu kuliko yote: asipate hata tone la kudhani kwamba mkewe ndiye aliyekuambia. Sema umesikia wewe, kwa masikio yako.

Yule wa bajaji nilimwita saluni mchana, hakuna wateja, nikamwambia nitamnyoa bure. Kiti cha kinyozi kina faida ambayo kikao cha wazee hakina: mteja amefungwa kitambaa shingoni, hawezi kuondoka nusu kichwa, na hamtazamani uso kwa uso, mnaonana kwenye kioo. Mwanaume husema kwenye kioo mambo ambayo ana kwa ana hasemi.

"Jana nilisikia," nikamwambia. "Kuta zetu nyembamba."

Akakaa kimya, mashine inanguruma. Kisha akasema, "Ilikuwa pombe, mzee."

"Baa ulikuwa na deni?"

"Lipo."

"Mwenye baa alikudai?"

"Alinidai sana."

"Ukampiga?"

Hakujibu. Nikamgeuza kichwa nimalizie upande wa pili. "Na trafiki akikusimamisha, akakuandikia faini na kosa hulioni?"

"Unasema ndiyo afande. Utafanyaje?"

"Basi unaweza."

Sikuongeza neno. Ukishafika hapo usiharibu kwa mahubiri. Atakuja na "lakini alinikosea", na kweli huenda alimkosea. Usiingie kwenye kosa la mke, maana ukianza kupima kama lilikuwa kubwa au dogo umeshakubali kwamba lipo kosa la ukubwa wa kupigwa. Mrudishe kwenye mkono wake kila anapotoroka.

Halafu uliza lini. Kwa yule kijana ilikuwa siku hesabu ya tajiri, ile hela ya kumpelekea mwenye bajaji, haijatimia. Tukakubaliana: siku hesabu imepungua, apitie saluni kabla ya kwenda nyumbani, hata kama nimefunga agonge, nakaa jirani. Alikuja mara nne ninazozikumbuka. Mara mbili tulicheza drafti tu, mara moja alilia, mara moja alinikopa elfu nne na hajalipa mpaka leo.

Wapo ambao hawafai kuzungumzwa hivi. Mwenye kumfungia mkewe ndani, mwenye kumkaba shingo, mwenye kusema "nitamuua kisha nijiue": huyo usijipe kazi ya kumshauri. Maneno hayo yachukulie yalivyo, yapeleke polisi, na msaidie mama aondoke kimya.

Kazi ya kila siku, kitini

Huku ndiko nina nguvu zaidi kuliko usiku, kwa sababu mlangoni kwa jirani naenda labda mara moja kwa mwaka, ila saluni nafungua siku sita kwa wiki.

Kwenye kioo changu kuna karatasi ya bei: kunyoa 2,000, ndevu 1,000, watoto 1,000. Chini yake nimebandika karatasi nyingine, nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Mtu anakaa dakika ishirini hana pa kuangalia, anasoma. Kisha anauliza, "Hii ya lini?" Namwambia ya 1971. Wanashangaa. Wanadhani imeletwa juzi na wazungu, kumbe ina umri mkubwa kuliko wengi wao. Nikiona mtu mbishi zaidi namwongezea kwamba ukimjeruhi, hiyo imeshatoka kwenye ndoa, ni shambulio la kudhuru mwili, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 241, jela inaweza kufika miaka mitano.

Kuna maneno yanayorudi kila wiki. "Mwanamke bila kibao haendi." "Asiyekupiga hakupendi." Zamani nilikuwa nacheka, biashara ni biashara. Siku hizi sicheki, na nimegundua kutocheka peke yake ni kazi nzito, kwa sababu mzaha unahitaji watu wa kuupokea. Mashine naizima. Saluni ikiwa kimya ghafla kila mtu anainua kichwa. Nauliza kwa upole, "Haendi wapi?" Mtu akianza kueleza mwenyewe anasikia anavyosema. Nimepoteza wateja watatu kwa swali hilo. Mmoja alirudi, yule kinyozi mwingine alimkata sikio.

Vijana wana lao: picha za utupu za msichana waliyeachana naye, zinapitishwa kwenye simu mkono kwa mkono huku wanasubiri zamu. Kwangu simu ya namna hiyo inafungwa au unatoka nayo, na namwambia kijana afute na amwambie aliyemtumia kwamba amefuta. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayowachoma.

Lakini kubwa kuliko yote ni watoto. Mtoto wa miaka mitatu akisikia mashine sikioni analia, hilo ni jambo la kawaida kama mvua ya masika. Na baba yake, tisa kati ya kumi wa wateja wangu, atamwambia, "Unalia kama mwanamke? Wewe si dume?" Nilifanya kazi miaka mingi nikiitikia, "Dume haliliii!" na kumpa pipi. Siku moja nikajiuliza huyu mtoto amefundishwa nini kwenye kiti changu. Amefundishwa kwamba kuogopa ni tabia ya mama yake, na mama yake ni kitu cha kudharauliwa. Miaka mitatu! Sasa namwekea mashine mkononi ikiwa imezimwa, aishike. Naiwasha mbali na kichwa chake, namgusisha mgongo wa mkono. Namwambia, "Inatekenya. Ukitaka kulia lia, tutapumzika, tutaendelea." Baba naye nampa kazi, amshike mkono. Inanichukua dakika kumi zaidi na sitozi nyongeza. Baba akisema ile sentensi yake, namjibu, "Hata mimi nililia, na mama yangu ndiye aliyekuwa shujaa wa nyumba yetu, hakulia hata siku moja." Wanacheka, lakini hawairudii. Si mbele yangu.

Kikao, polisi, mahakama

Mwaka 2016 niliitwa kwenye kikao cha familia kama jirani mwema. Mwanaume alikuwa amempiga mkewe kwa mkanda mpaka mgongo ukachanika. Tulikaa wanaume saba na mashangazi wawili. Tukatoza faini: kitenge kimoja kwa mke, kreti ya soda kwa wajumbe. Soda nilikunywa, nakumbuka ilikuwa ya machungwa. Mke aliulizwa swali moja tu, "Umemsamehe?" Baada ya miezi miwili alipigwa tena, na safari hii mume alikuwa na hoja mpya: "Hata wazee walisema umenisamehe." Tangu hapo kikao cha namna ile sikai. Nikialikwa nauliza kwanza kama mama ametibiwa na kama anataka kikao, yeye mwenyewe, aulizwe na mwanamke mwenzake akiwa mbali na ukoo wa mume. Asipotaka, mimi sina soda ya kunywa.

Njia ya polisi inatisha kwa mtu asiyeijua, ndiyo maana kuijua mapema ni msaada mkubwa. Aliyeumizwa anapewa fomu ya PF3 kituoni, haina malipo, anakwenda nayo hospitali, daktari anaijaza. Mwulizieni Dawati la Jinsia na Watoto hapo hapo, asihojiwe kaunta mbele ya foleni. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja. Amebakwa? Asioge, asifue nguo, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi na siyo wa nailoni, na afike hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinafanya kazi ndani ya muda huo tu. Asindikizwe na mwanamke anayemwamini. Wewe lipa bajaji, kaa nje na watoto, na usimsimulie mtu yeyote.

Kesi nyingi hufa kwa kukosa mashahidi, na mashahidi wenyewe ni sisi. Mwaka 2021 mwanaume mmoja alimburuza mchumba wake mbele ya saluni yangu, mchana, watu wamejaa. Walioona walikuwa si chini ya kumi na tano. Aliyeandika maelezo polisi nilikuwa mimi na mama muuza samaki. Nilikwenda Mahakama ya Mwanzo mara tatu, mara mbili kesi ikaahirishwa, nikafunga saluni siku tatu nzima. Kama unaenda: siku ile ile ya tukio andika kwenye daftari tarehe, saa, ulichokiona na ulichokisikia. Mahakamani sema hivyo tu. Wakili au mshtakiwa atakuuliza kama unajua walikuwa wanagombania nini. Jibu, "Hilo sikusikia," kama hukusikia. Mimi nilijaribiwa kuongeza chumvi maana nilikuwa na hasira, na mama wa samaki akanikanyaga mguu. Yule mwanaume akatiwa hatiani.

Begi

Kuna mama mmoja, simsemi ni wa wapi, ambaye hajaamua kuondoka. Nimejifunza kutomharakisha. Kipindi cha kuondoka ndicho kibaya kuliko vyote, mume akihisi anaachwa, na yeye ndiye anayejua hatua zake kuliko mimi na mke wangu. Tulichofanya ni kumsaidia kuandaa begi: kitambulisho chake cha taifa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi zao za kliniki, nguo mbili mbili, laini ya simu ambayo mume haijui, nauli ya basi mpaka kwa kaka yake, na dawa za pumu za mtoto mkubwa. Begi haliko kwangu. Mwanaume kutunza begi la mke wa mtu ni kumtengenezea mume sababu. Liko kwa mwanamke mmoja, na hapo naishia.

Tulipanga pia neno. Mtoto wake akija usiku kuomba kitu fulani cha jikoni, maana yake tupige simu. Zamani kilikuwa chumvi, tumeshakibadilisha.

Aliwahi kurudiana na mumewe baada ya kukaa kwao mwezi mzima, na nakiri nilichukia, nikataka kusema "sasa unatuchosha". Mke wangu alinikataza. Ukimnunia aliyerudi, umemfungia mlango wa kutokea mara ya pili. Tunamsalimia vile vile, tunanunua karanga zake vile vile, na mumewe namnyoa, mashine ikiwa tayari kuzimwa.

Begi amelichukua mara moja tu, mwezi wa nne, akatoa kadi ya kliniki, mtoto alikuwa na homa. Kesho yake kadi ikarudi, na juu yake ameongeza elfu tano.